Maua ya Buluu Upande wa Kulia wa Nyumba

Kabla ya yote naomba msamaha kwa mwandiko huu na kwa makosa ya tahajia. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Naandika neno moja, naliangalia, nalifuta, naliandika tena. Mkikuta herufi imeruka au imejirudia, isomeni kama ilivyopaswa kuwa na msinicheke sana. Mimi ni mtu wa haya. Wateja wa fundi wa nguo ninayemfanyia kazi hapa mjini, Kondele, wengine hunidhania bubu. Pengine ndiyo sababu nimeona afadhali niwaambie ninyi wasomaji, ambao sizioni nyuso zenu.

Kilichonikumbusha ni maji. Karibu na baraza yetu kuna mama anayeuza uji, na kila asubuhi akimaliza kuosha vikombe humwaga yale maji chini ili kutuliza vumbi. Juzi jua lilikuwa kali tangu mapema. Maji yalipoanguka, ikapanda ile harufu ya udongo uliokuwa na kiu. Mnaijua. Nilikuwa nashona kifungo cha shati, na sindano ikasimama mkononi. Nikajiona niko kwetu Seme, nina miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa na kikombe cha bati, natia maji kidogo kidogo kwenye shina la ua la Baba.

Baba yangu alikuwa mtunza bustani kule Lodwar, kwa ofisa mmoja wa serikali. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Sijafika Lodwar hata leo. Ninayoijua ni ile ya kwenye barua zake: mchanga, upepo wa moto kama wa kufunua sufuria, mbuzi wanaokula hata kamba za nguo, na katikati ya hayo yote bustani moja ndogo yenye maua ya buluu. Baba alieleza bustani ile vizuri kuliko alivyowahi kutueleza habari zake mwenyewe. Aliandika kwamba huamka kabla ya jua na kuupa kila mche kikombe kimoja cha maji, shinani, si majanini. Kwamba huweka mawe bapa kuzunguka mizizi ili ipate ubaridi. Kwamba masuke ya maua yakizeeka huyakata, na mche huo huo huchanua tena kana kwamba haujawahi kuchanua. Na kwamba nyuki huja, ingawa hakuna mtu kule anayejua wanatoka wapi.

Barua zilikuja kupitia shuleni. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Nilisimama mlangoni penye mwanga, naye aliendelea na kazi yake huku amegeuza sikio.

"Na mimi je?" aliuliza kila mara nikifika mwisho. "Soma pale anaponitaja."

"Anakusalimu, Mama."

"Basi?"

"Anasema salamu nyingi."

Mama aliguna tu na kuendelea na kazi.

Krismasi mbili zilikuwa zimepita bila Baba kuja nyumbani, barua moja ilipofika ikiwa nene kuliko nyingine. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na ndani ya karatasi mbegu, ndogo, nyeusi, kama zile zinazobaki chini ya ungo. Baba aliandika: "Akeyo, hizi ni mbegu za salvia, yale maua yangu ya buluu. Zipande upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi na kivuli cha jioni. Hazipendi miguu yake kukaa ndani ya maji. Yakichanua niandikie. Nitaomba likizo nije niyaone."

Mama alikuwa anamenya njugu. Akaacha.

"Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma tena.

"Anangoja maua," alisema. Hakusema na mimi. Alisema na zile njugu.

Mimi niliyashika maneno ya Baba kama yalivyoandikwa. Maua yakichanua, Baba anakuja. Sikuwahi kupewa kazi kubwa namna hiyo.

Nilianza vibaya. Baba alikuwa anahesabu vikombe jangwani, na mimi nilimwonea huruma, kwa sababu sisi tulikuwa na ziwa zima nyuma ya nyumba. Nilibeba maji asubuhi, mchana na jioni, nikayamwaga kwa mkono wa ukarimu. Udongo wetu ni ule mweusi unaonata, ukilowa unashika maji kama bakuli, ukikauka unapasuka hadi mguu wa kuku unaingia. Miche ikaota kama nywele za mtoto, ikasimama siku nne, ikalala. Nilipoivuta, mizizi ilikuwa imeoza na kunuka kama kitambaa cha jikoni.

Ashukuriwe Mungu, nilikuwa nimeweka nusu ya mbegu pembeni kwa woga. Safari ya pili nilifanya kama nimo jangwani. Nilichukua mchanga ufuoni nikauchanganya na majivu na samadi ya mbuzi. Niliotesha mbegu kwenye kigae cha chungu. Miche ilipokuwa na majani sita nikaihamishia ardhini, na kwa kuwa niliogopa maji kutuama, kila wiki niliongeza udongo na kuinua tuta. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Mawe ya uani yaliwaka hadi kuku walitembea kwenye kivuli cha ukuta tu. Mahindi yalijikunja, lakini salvia zangu hazikujali. Majani yake yalikuwa membamba, na vikonyo vilikuwa na unga mweupe, kama mtu aliyetoka kinuni. Niliyapangusa kwa kidole na kunusa. Nilijiambia kwamba mkono wa Baba unanuka hivyo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosea. Nyumba ya Mama ilikuwa inatazama lango, mgongo wake ziwani. Ukisimama mlangoni ukatazama lango, jua la asubuhi liko upande wako wa kulia. Huko ndiko nilikopanda. Na kwetu sisi Wajaluo, upande wa kulia wa nyumba ndipo anapolazwa mwenye boma akifa. Kila mtu mzima anajua hivyo bila kuambiwa. Mimi pia nilijua, ila akili yangu ilikuwa Lodwar, kwenye jua la asubuhi na kivuli cha jioni.

Mama alitoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jioni. Aliliona tuta likikua kidogo kidogo, na kitu kikikua kidogo kidogo hukioni umbo lake. Dani, nyanya yangu mzaa baba, angeliona siku ya kwanza, lakini alikuwa Bondo kwa binti yake aliyejifungua.

Yakachanua siku moja ya likizo, Mama akiwa ameshatoka. Masuke yalisimama wima, buluu inayokaribia zambarau, rangi ya ziwa kabla ya mvua. Nilikimbia huku na huku uani nikikosa wa kumwonyesha. Kisha nikataka Baba akija ayaone tangu langoni. Nikaurefusha mstari kwa miche iliyobaki, nikakusanya mawe, nikayapanga pande zote nne, na nikayapaka udongo mweupe wa mtoni, kama tulivyokuwa tumeyapaka mawe yanayozunguka bendera shuleni. Nilifanya kazi ile nimepiga magoti, nikipigapiga udongo kwa viganja ili ukae laini.

Mama mmoja wa kijiji cha jirani alipita njiani, akatazama juu ya ua wa mnyaa. Akaliona lile tuta. Akaniona nimepiga magoti. Akaweka mkono mdomoni na kuondoka mbio kuelekea sokoni bila kunisalimu. Mimi nilifurahi, kwa maana sikupenda kusalimiwa.

Jua lilikuwa utosini Dani alipoingia langoni na fimbo yake na kuku wa zawadi kwapani. Alisimama. Yule kuku akaanguka na kukimbia.

"Akeyo! Nani amekufa hapa?"

"Hakuna, Dani. Ni maua."

"Maua ndiyo yanalala hivi? Kichwa kule, miguu huku?"

"Ni maua ya Baba."

Nilidhani jibu hilo litamtuliza. Dani aliketi chini pale pale, miguu mbele kama mtoto.

"Ya Baba," alisema. "Umempimia vizuri. Hata urefu ni wake."

Wakati huo huo zikasikika sauti kutoka njiani. Yule mama mpita njia alikuwa amefika sokoni kabla ya habari nyingine yoyote ile. Mama yangu alikuwa nyuma ya samaki wake, wakaanza kumjia mmoja mmoja: pole mama, pole sana, tumeona, mbona hukutuambia, mmezika kimya namna hii. Niliyasikia haya baadaye kwa mama Awino, aliyeuza karibu naye na aliyerudi naye njia nzima. Aliniambia pia kwamba Mama hakuuliza amekufa lini wala amekufa na nini. Aliuliza swali moja tu: "Nani amemleta?"

Aliingia langoni bila viatu, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani, na nyuma yake wanawake kumi au zaidi wakipiga mayowe. Nyuma yao alikuwepo mzee Owuor, aliyependa matanga kuliko arusi, keshavaa koti lake la matanga, na alikuwa anauliza kwa sauti sufuria kubwa ziko wapi.

Mama alifika kwenye tuta akasimama. Mayowe yakapungua, yakakatika. Nyuki walikuwa wengi kwenye yale masuke, tukawasikia.

"Kumbe ni nini hii?" mzee Owuor aliuliza.

"Ni bustani," nilisema. Nadhani lilikuwa neno langu la kwanza mbele ya watu wengi.

"Bustani!" Alijitazama koti. "Mimi nimevaa hivi kwa ajili ya bustani?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Mama naye akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, mpaka wenzake wakaacha wakabaki wanamtazama. Kisha akaketi kando ya maua, akakata suke moja, na kuanza kulikwanyua ua moja moja bila kuliangalia.

Watu walipoondoka, Dani alisema jambo hilo haliwezi kulala. Tuta lisawazishwe kabla ya jua kuzama, mawe yarudi yalikotoka, na maua yang'olewe. Mwanawe yuko mbali kwenye jua la watu wengine, na hapa nyumbani kapangiwa mahali. Sikubisha. Nilikuwa nimeanza kuogopa mimi mwenyewe. Nililiona tuta kama wao walivyoliona, na kila nilipofumba macho Baba alikuwa amelala pale.

Mama alishika jembe. Kabla ya kulichomeka akanigeukia.

"Kalete karatasi. Mwandikie leo. Mwambie yamechanua."

"Lakini Mama, yanang'olewa."

"Akeyo. Nimesema mwambie yamechanua."

Nilikaa mlangoni na kalamu. Mbele yangu Mama alikuwa anang'oa miche na kuipa Dani, na Dani anaitupa nje ya ua. Niliandika "Mpendwa Baba" na nikakwama. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba uongo wa mdomo hupita, lakini uongo wa karatasi hubaki. Nilifikiri: Baba ataomba likizo, atasafiri siku zote hizo, atafika, aangalie upande wa nyumba akute udongo mtupu. Atasema nini juu yangu? Niliificha karatasi ndani ya kitabu cha hesabu.

Jioni Mama aliuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Umeandika yamechanua?"

"Ndiyo, Mama."

Kwa hiyo nilikataa kuandika uongo nikausema.

Niliokota miche mitano kule nje ya ua, nikaipanda ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia na kuyapanga nyuma ya choo, mahali ambapo hata Dani hakuweza kuona kaburi. Nilijiambia ua moja likichanua nitaandika, na barua itakuwa ya kweli. Minne ikafa. Mmoja ukasimama tu, haukui, haufi.

Na Mama akangoja. Hili ndilo linaloniuma kila nikilikumbuka. Aliparua kuta za nyumba akazipaka udongo upya. Alinunua kikombe kipya akakifunika kwa kitambaa. Asubuhi alipofagia hakuishia uani kama zamani, alifagia mpaka langoni, na mpaka nje ya lango, hatua kadhaa barabarani. Mimi nilikuwa namtazama nikirudi shuleni na kwenda nyuma ya choo kulihimiza lile kopo. Nililisemesha. Nililipa kikombe kimoja kwa siku, shinani, si majanini. Mwalimu alipouliza kwa nini sili chakula changu nilisema naumwa tumbo.

Ilichukua miezi mitatu. Lilitoka suke moja, fupi, lenye maua saba. Niliandika siku ile ile: yamechanua, Baba, njoo. Barua ilirudi baada ya majuma mengi. Mtu asiyemjua Baba alikuwa ameandika juu ya bahasha kwamba ofisa yule amehamishwa na mtunza bustani wake hayupo tena hapo, na hajulikani alikoelekea. Nilimwambia Mama kwamba barua imerudi. Hakuuliza ni ipi. Kesho yake alifagia mpaka uani, akaishia hapo.

Baba hakuandika tena. Dani alifariki akiamini kwamba tulilisawazisha lile tuta tukiwa tumechelewa. Mimi niliamini jambo jingine, kwamba Baba alikaa miezi mitatu kule jangwani akingoja neno moja, na neno hilo lilikuwa ndani ya kitabu cha hesabu. Nilikua na imani hiyo kama mtu anavyokua na kovu. Nadhani hata kunyamaza kwangu kulizidi kuanzia hapo.

Sasa nimekuwa mtu mzima, na nimeona wanaume wakirudi makwao na wengine wasirudi. Anayetaka kurudi hangoji ua lichanue. Hilo nimelijua nikiwa hapa mjini, kwa kuwasikia wateja wa fundi wakiambiana. Lakini limenitua nusu tu ya mzigo. Kwa maana nimejua na jambo la pili. Mimi nilidhani kazi ya barua ile ni kusema kweli juu ya maua. Mama, asiyejua hata herufi moja, alijua kazi yake ni kumleta mtu. Angekuja angekuta udongo mtupu, angeuliza, tungemweleza, na mzee Owuor angeitwa na koti lake, na tungecheka sote tukiwa tumeketi na Baba ndani ya nyumba. Labda. Hakuna anayeweza kuniambia ni labda kubwa au ndogo.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani. Tulikuwa tunachambua omena, wale dagaa wa ziwani, mimi na Mama, jua la saa nne mgongoni. Nikamwambia. Sijui nilipata wapi sauti. Nilimwambia kwamba siku ile ya tuta sikuandika chochote, kwamba barua aliyongojea jibu lake haikuwepo.

Hakuinua kichwa. Alitoa kijiti kwenye omena, akakitupa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile. Ungekuwa umeandika, ungeniuliza mimi nina nini cha kumwambia."

 Miaka yote ile nilikuwa nimemsomea barua na kumwandikia, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja.

"Ungetaka nimwambie nini, Mama?"

Alifikiri. Vidole vyake vikasimama juu ya ungo, na kwa mara ya kwanza nilimwona jinsi alivyokuwa wakati ule, mke wa mtu, hajafikisha miaka thelathini.

"Ningemwambia paa linavuja," alisema. "Upande wake wa kitanda."

Ndugu wasomaji, nimefika mwisho wa karatasi. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kungoja barua, au kuificha, namwomba aniandikie aniambie aliishije baada ya hapo. Anwani yangu iko kwa mhariri. Msiogope kuandika vibaya. Mimi nitasoma.